Fimbo Iliyogeuka Farasi: Maisha ya Lev Vygotsky



Bila shaka umewahi kumwona mtoto wa miaka mitatu akipanda fimbo. Anaiweka katikati ya miguu, anaishika kwa mikono miwili, halafu anakimbia nayo uani huku akitoa mlio kwa mdomo. Ukimwuliza hicho ni kitu gani, atakujibu kuwa ni gari, au ni pikipiki, au ni punda. Hatakujibu kuwa ni fimbo. Pembeni yake mwenzake amelifunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha kanga, na analibembeleza lilale.

Wengi wetu hupita tu bila kuwatazama. Wengine hukasirika. Huona kuwa watoto hao wanapoteza wakati, na heri waitwe wakaokote kuni. Lakini alikuwepo mtu mmoja ambaye alisimama akautazama mchezo huo kwa makini. Aliona kuwa hapo, juu ya fimbo hiyo, akili ya mtoto inafanya kazi kubwa. Mtu huyo aliitwa Lev Vygotsky. Aliishi miaka 37 tu, na zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima aliishi akijua kuwa ugonjwa wake unaweza kumwua wakati wowote.

Utotoni

Vygotsky alizaliwa tarehe 17 Novemba, 1896 katika mji wa Orsha. Wakati huo mji huo ulikuwa katika utawala wa mfalme wa Urusi. Siku hizi uko katika nchi ya Belarusi. Alipokuwa bado mdogo sana wazazi wake walihamia mji wa Gomel, na huko ndiko alikokulia. Watoto katika nyumba yao walikuwa wanane, na yeye alikuwa wa pili. Baba yake alifanya kazi katika benki. Mama yake alikuwa amesomea ualimu, lakini kazi yake kubwa ikawa kuwalea wale wanane.

Familia hiyo ilikuwa ya Kiyahudi. Inafaa ujue maana yake kwa wakati ule. Wayahudi katika Urusi ya mfalme hawakuruhusiwa kukaa popote walipotaka. Walitengewa majimbo ya upande wa magharibi, na ni wachache tu waliopewa ruhusa ya kukaa katika miji kama Moscow. Mwaka 1903, Lev akiwa na umri wa miaka 6, Wayahudi wa Gomel walishambuliwa, watu waliuawa na mali zao ziliharibiwa.

Hakuanzia shuleni. Alifundishwa nyumbani na mwalimu wa kukodiwa, kisha akaingia shule ya watu binafsi. Alimaliza mwaka 1913 na kupata nishani ya dhahabu. Kwa kawaida kijana wa namna hiyo alikuwa na hakika ya kuingia Chuo Kikuu. Lakini nafasi za Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Moscow zilikuwa 3 tu katika kila 100, na mwaka huo serikali iliamua kuwa hata hizo chache zigawanywe kwa kura. Kwa hiyo kijana hodari na kijana mvivu walikuwa sawa mbele ya kura. Lev alibahatika, jina lake likatoka. Ni wangapi waliokuwa hodari kama yeye, nao kura ikawapita?

Alianza kusoma uganga, maana wazazi wake walitaka hivyo. Daktari Myahudi aliweza kupata ruhusa ya kukaa popote nchini. Baada ya muda mfupi aliacha uganga akasoma sheria. Wakati huohuo alihudhuria chuo kingine mjini Moscow, ambako alisoma historia na falsafa. Alipenda sana michezo ya kuigiza ya jukwaani. Usilisahau jambo hilo, maana mtu aliyependa kutazama watu wazima wakijifanya wafalme na wendawazimu jukwaani ndiye aliyekuja baadaye kuwatazama watoto wakijifanya mama na baba.

Mwalimu mgonjwa

Mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa mapinduzi katika Urusi. Utawala wa mfalme ulianguka, na sheria za kuwabagua Wayahudi zikafutwa. Vygotsky alirudi Gomel. Ilikuwa miaka migumu. Wanajeshi wa Kijerumani waliuteka mji, kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na njaa. Ugonjwa wa kifua kikuu uliingia nyumbani kwao. Lev alimwuguza mama yake na ndugu yake mdogo, na ndugu yake akafa. Mwaka 1920 yeye mwenyewe aliugua.

Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuponya kifua kikuu. Dawa ya kwanza ya sindano iliyoweza kuuua ugonjwa huo ilivumbuliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, apate hewa safi, na asubiri. Vygotsky hakuwa mtu wa kusubiri. Alifundisha katika shule na katika chuo cha walimu cha Gomel, na hapo chuoni alianzisha maabara ndogo ya kuchunguza namna watu wanavyofikiri na kujifunza.

Mwezi wa Januari 1924 ulifanyika mkutano mkubwa wa wataalamu wa mambo ya akili katika mji ambao mwezi huohuo ulipewa jina la Leningrad. Vygotsky alikwenda kama mwalimu tu kutoka mji mdogo. Alipomaliza kuzungumza, wakubwa walistaajabu, naye akaitwa afanye kazi katika Chuo cha Saikolojia cha Moscow. Saikolojia ni elimu inayochunguza akili na tabia. Mwaka huo alioa. Yeye na mkewe Roza walipewa mahali pa kukaa chini kabisa ya jengo la chuo hicho, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Kwa mgonjwa wa kifua, mahali hapo hapakufaa. Mwaka 1925 alizaliwa binti yao Gita, na mwaka 1930 wa pili, Asya.

Katika kazi yake alishughulika sana na watoto viziwi, vipofu na wale waliochelewa kukua akili. Mwaka 1925 alisafiri mpaka London kwenye mkutano wa elimu ya viziwi. Aliporudi aliugua vibaya sana akalazwa hospitali miezi mingi. Alitoka akiwa dhaifu, lakini alitoka na kazi mkononi, kwani hata kitandani aliandika.

Yale aliyoyaona mchezoni

Sasa turudi kwenye fimbo yetu.

Mwaka 1933 Vygotsky alikuwa akisafiri mara kwa mara kutoka Moscow kwenda Leningrad kufundisha katika chuo cha walimu. Huko alitoa hotuba moja juu ya mchezo wa watoto wadogo. Ndiyo nitakayokueleza hapa kwa kirefu, kwa sababu inahusu jambo unaloliona kila siku uani kwako.

Alianza na swali hili: kwa nini mtoto hujifanya? Jibu lake lilikuwa kwamba mtoto hutaka mambo asiyoweza kuyapata. Mtoto mchanga akitaka kitu hukitaka sasa hivi. Akipewa hutulia, asipopewa hulia, na baada ya kitambo husahau. Lakini anapokaribia miaka mitatu hamu yake haisahauliki upesi. Anamwona mkubwa akiendesha farasi, naye anataka. (Katika Urusi ya siku zile farasi walikuwa wengi kama baiskeli kwetu. Walivuta mikokoteni, walilima, walibeba watu.) Mtoto hawezi kupewa farasi. Pia hawezi kungoja mpaka awe mtu mzima. Afanyeje? Anachukua fimbo.

Kisha akaeleza jambo gumu kidogo. Soma polepole.

Mtoto mdogo sana hutawaliwa na vitu anavyoviona. Ngazi humwita aipande. Mlango humwita aufungue, aufunge, aufungue tena. Kikombe kikiwa mbele yake atakishika. Hata maneno yake yamefungwa na macho yake. Vygotsky alitoa mfano wa mtoto wa miaka miwili anayeambiwa arudie maneno kwamba Tanya amesimama, wakati Tanya ameketi mbele yake. Mtoto hawezi kuyarudia hivyo. Anageuza, anasema kuwa Tanya ameketi. Jicho lake linamshinda.

Sasa mtazame mtoto huyohuyo akishaanza kujifanya. Jicho lake linaona fimbo, lakini akili yake inasema farasi. Anafanya mambo ya farasi: anaipanda, anaipiga mjeledi, anaisimamisha inywe maji. Kwa mara ya kwanza anafuata kile anachokifikiri, siyo kile anachokiona. Maana ya farasi imetoka kwenye farasi mwenyewe ikakaa juu ya fimbo. Mtu mzima hufanya hivyo kila saa. Unapohesabu mavuno yatakayokuja, unapopanga nyumba ambayo bado haijajengwa, na hata unaposoma ukurasa huu, unatumia akili kushika kitu ambacho hakipo mbele yako. Herufi hizi ni alama nyeusi tu kwenye karatasi, lakini wewe unaona ndani yake mtu wa Urusi aliyekufa zamani.

Lakini fimbo inahitajika. Vygotsky alisema mtoto mdogo hawezi kukifanya kitu chochote kuwa chochote. Karatasi ya posta haiwezi kuwa farasi wake, maana haipandiki. Fimbo inapandika. Vivyo hivyo gunzi linabebeka mgongoni, na jani linaweza kuwa sahani. Mtoto anahitaji kitu cha kushikilia wakati akili yake inajifunza kusimama peke yake, kama anavyoshika ukuta anapojifunza kutembea. Baadaye atauacha ukuta, na ataiacha fimbo.

Jambo la pili aliloliona linawashangaza watu wengi. Sisi hudhani kuwa mtoto anapocheza yuko huru, anafanya apendavyo. Vygotsky aliona kinyume chake. Mtoto anapocheza hujifunga kwa kanuni kali. Alieleza habari za dada wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa 7, walioamua kucheza mchezo wa kuwa dada. Kweli walikuwa dada! Katika maisha yao ya kila siku hawakufikiri juu ya udada wao. Waligombana na kunyang'anyana vitu. Lakini katika mchezo walishikana mikono, walivaa sawa, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama dada anavyopaswa kumtazama dada. Mchezo uliwafundisha kanuni ambayo katika maisha ilikuwa imejificha.

Alitoa pia mfano wa peremende. Mtoto akipewa peremende ataila. Lakini peremende hiyo ikiwekwa katika mchezo kuwa ni kitu kisicholiwa, mtoto yuleyule atajizuia. Anaitamani, lakini haili, kwa sababu akiila mchezo umevunjika. Wewe mama au wewe baba unajua ilivyo kazi kubwa kumzuia mtoto asile kitu kitamu. Katika mchezo anajizuia mwenyewe, na anafurahi kujizuia. Kwa hiyo Vygotsky aliona kuwa mtoto akicheza huwa mkubwa kuliko umri wake wa kila siku, kana kwamba ameongezeka kimo.

Hapa inafaa nitaje fundisho lake jingine linalojulikana sana kwa walimu. Fikiria watoto wawili ambao kila mmoja akiachwa peke yake anaweza maswali ya mtoto wa miaka 8. Tunaweza kudhani kuwa wako sawa. Lakini mwalimu akiwasaidia kidogo, kwa kuwaonyesha mwanzo tu, mmoja anaweza kufika maswali ya miaka 9 na mwingine ya miaka 12. Basi hawako sawa. Vygotsky alitaka mwalimu atazame pale mtoto anapoweza kufika akipata msaada, kwa sababu kinachofanywa leo kwa msaada kitafanywa kesho bila msaada. Kwa mtoto mdogo, alisema, mchezo ndio unaomvuta mbele namna hiyo.

Kifo na marufuku

Miaka ya mwisho alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alifundisha Moscow, Leningrad na Kharkov. Mwaka 1931 na 1932 rafiki yake Alexander Luria alikwenda Uzbekistan, katika Asia ya Kati, kuchunguza namna wakulima wasiojua kusoma wanavyofikiri, pamoja na wale waliokuwa wametoka katika madarasa ya kisomo. Vygotsky alisaidia kupanga safari hiyo, lakini mwili haukumruhusu kwenda.

Wakulima waliambiwa kuwa kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, na kuwa mahali fulani pako kaskazini. Waliulizwa dubu wa huko wana rangi gani. Wengi wa wale wasiosoma walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, aulizwe aliyefika. Waliosoma, hata kwa muda mfupi, walijibu kuwa ni weupe. Mimi simwoni yule mkulima wa kwanza kuwa mjinga. Mtu asiyesema asichokiona ni shahidi mzuri mbele ya baraza. Lakini darasa lilikuwa limewazoesha wengine kukubali neno la kudhani, wakaendelea nalo mpaka mwisho. Mtoto naye hulikubali neno la namna hiyo mapema sana akiwa mchezoni. Mwaka 1988 wataalamu wawili walitangaza uchunguzi juu ya watoto wa miaka 4 mpaka 6. Waliwaambia kuwa paka wote hubweka, na kuwa Rex ni paka. Je, Rex hubweka? Wakiulizwa hivihivi tu, watoto wengi walikataa, maana wanajua paka halii hivyo. Wakiambiwa kuwa tujifanye tuko katika ulimwengu mwingine, wengi zaidi walijibu sawasawa.

Mwezi wa Mei 1934 Vygotsky alianza kutapika damu. Kitabu chake kikubwa kuhusu fikra na lugha kilikuwa karibu kwisha. Sura ya mwisho aliisema kwa mdomo akiwa mgonjwa, wenzake wakiiandika. Alifariki tarehe 11 Juni, 1934 nje kidogo ya mji wa Moscow. Kitabu kilitoka mwaka huohuo, naye hakukiona.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Julai, 1936, chama tawala cha Kisovyeti kilipiga marufuku kazi yote ya kuwapima na kuwachunguza watoto kwa namna iliyofanywa na wataalamu wa wakati ule. Kazi ya Vygotsky ilihesabiwa humo. Vitabu vyake viliondolewa, na kwa karibu miaka 20 havikuchapwa tena. Nadhani lilikuwa jambo la aibu, kwani yeye mwenyewe alikuwa amewalaumu wale waliompima mtoto mara moja na kumhukumu daima. Wanafunzi wake hawakumtaja kwa sauti, lakini waliendelea.

Mmoja wao alikuwa Daniil Elkonin, aliyefanya kazi naye kule Leningrad. Katika vita kuu ya pili Elkonin aliulinda mji wa Leningrad, na katika vita hivyohivyo mke wake na binti zake walikufa. Baada ya vita alirudi kwenye uchunguzi wa mchezo wa watoto, na mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Mwaka 1948 mtafiti mwingine wa Kisovyeti, Manuilenko, alikuwa ametangaza jaribio zuri. Watoto waliambiwa wasimame bila kutikisika. Walichoka upesi. Kisha waliambiwa wacheze kuwa walinzi wa lango. Watoto walewale, miguu ileile, walisimama muda mrefu zaidi.

Hotuba ya mwaka 1933 ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, miaka 32 baada ya mwenyewe kufa. Baada ya kutafsiriwa ilisomwa katika vyuo vya ualimu vya nchi nyingi.

Wataalamu wa siku hizi wamezidi kuchunguza. Wameona kuwa mtoto huanza kujifanya mapema kuliko tulivyodhani. Akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa hujifanya anakunywa katika kikombe kitupu. Baadaye kidogo humnywesha mwanasesere. Karibu na miaka miwili hutumia kitu kimoja badala ya kingine, na kuanzia mitatu hucheza na wenzake, huyu baba, huyu mama, huyu mgonjwa. Mtoto mdogo akipata mkubwa wa kucheza naye, hata kwa kitambo kidogo, mchezo wake hurefuka na maneno yake huongezeka. Ukipewa chai katika kifuniko cha chupa kisicho na kitu, inywe, usifie sukari yake.

Lakini usidanganywe kuwa mambo yote yamethibitishwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walipitia uchunguzi mwingi uliofanywa kwa miaka 40. Walikubali kuwa mchezo wa kujifanya huenda pamoja na ufundi wa lugha na wa kusimulia hadithi. Kuhusu mambo mengine, kama vile kujizuia na kutatua matatizo, walisema ushahidi bado haujatosha kuonyesha kuwa mchezo ndio chanzo. Labda mtoto mwenye maneno mengi ndiye anayecheza zaidi. Labda ni yule mzazi anayecheza na mtoto ndiye anayezungumza naye pia. Ubishi huo unaendelea.

Binti yake mkubwa, Gita, alikuwa na umri wa miaka 9 baba yake alipofariki. Alipokua alisoma saikolojia, akafanya kazi ya watoto viziwi kama baba yake. Mwaka 1996, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Vygotsky, yeye na mwenzake walitoa kitabu cha maisha yake, wakatumia barua na karatasi ambazo familia ilikuwa imezihifadhi miaka yote ya marufuku. Gita alifariki mwaka 2010.